Sikio la Roshani

Habari ilimkuta Ersilia Gandolfi dukani kwake, mikono imejaa unga, akibana kwa uma ncha za tortelli, vile vipande vya tambi vinavyojazwa jibini, na aliyeileta hakungoja hata kuvuka kizingiti.

"Ottorino ameonekana kwenye baleti!"

Aliyepiga ukelele huo alikuwa Delmo, mwenye bucha la upande wa pili wa kichochoro, mtu mwenye tumbo la pipa na mdomo usiojua kufungwa. Aproni yake bado ilikuwa na damu ya asubuhi.

"Ottorino gani?"

"Tunao wangapi? Kinyozi wetu! Mke wa dobi kamwona kwa macho yake mawili, Jumapili iliyopita na ile ya kabla yake. Kakaa kule juu peke yake, kaegemea ukingo, anatazama wasichana wakirukaruka."

Ersilia alicheka hadi unga ukamwingia puani. "Mwambie mke wa dobi anunue miwani mipya."

"Nami nilimwambia hivyo hivyo. Akaapa kwa kaburi la mama yake."

Hapo Ersilia akaacha kucheka. Mke wa dobi alikuwa mwongo wa kawaida tu kama watu wengine, lakini kaburi la mama yake hakulichezea.

Katika mji wa Parma, mtu wa roshani kwenda kwenye baleti ni sawa na padri kukutwa kwa mpiga ramli. Watu wa roshani ndio wale wanaokaa juu kabisa ya jumba la opera, kwenye mabenchi ya mbao chini ya dari, wauza samaki na makarani na mafundi bomba, wenye mikate yao ya nyama ndani ya mifuko ya koti. Hawaji kuonyeshana mavazi. Wanakuja kusikiliza, tena kusikiliza kwa ukali, kama mama mkwe anavyoonja mchuzi. Mwimbaji akiwapendeza, wanambeba. Asipowapendeza, wanampigia miluzi mpaka atafute mlango. Baleti waliwaachia wa viti vya chini. Nani apande ngazi zote zile kwenda kusikiliza miguu?

Na kati ya watu wote wa roshani, hakuna aliyesikia kama Ottorino Bersellini. Walimwita Sikio. Wimbo mkubwa ukiisha, roshani nzima ilinyamaza kidogo, na katika ule ukimya kila mtu alimtazama mzee yule wa benchi la mbele, karibu na nguzo. Ottorino akipiga makofi, jumba lilitetemeka. Akiweka vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi, basi, Mungu amrehemu mwimbaji. Hakuna aliyemchagua. Ilikuwa hivyo tu, tangu Ersilia ana nywele nyeusi.

"Labda ana mwanamke," Delmo alisema, akijichotea tortelli moja mbichi na kuitupia kinywani.

"Kwa magoti yale?"

"Labda kampenda mmoja wa wale wenye sketi za manyoya ya bata."

"Delmo, toka dukani kwangu. Na hiyo uliyokula utalipa."

Delmo akatoka akicheka, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Sikio halilali njaa, wahenga walisema, na la Ersilia lilikuwa lafi. Zaidi ya hapo, alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka kujua habari za Ottorino, sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja soprano kijana, mwimbaji wa sauti ya juu, Noemi Tagliavini, binti wa muuza viatu wa mji jirani wa Reggio. Aliletwa ghafla baada ya mwimbaji mkuu kuugua. Mwisho wa wimbo wake alipanda mpaka noti ya juu kabisa, na Ersilia, pale kwenye benchi, alihisi kitu kama maji baridi kikimshuka mgongoni. Akainua mikono apige makofi. Kabla viganja havijakutana, mluzi wa Ottorino ukakata hewa. Mmoja, mrefu. Wakafuata wote. Na Ersilia naye akashusha mikono, akapiga mluzi pamoja na wenzake, kwa kuwa yeye alikuwa nani hata abishane na Sikio?

Binti alimaliza onyesho analia. Sasa Jumamosi iliyokuwa inakuja angerudi kufungua msimu. Mji mzima ulijua maana yake: akipigiwa mluzi mara ya pili Parma, hakuna jumba lingine litakalomchukua, na atarudi Reggio kupima watu miguu.

Mwaka mzima Ersilia aliishi na noti ile. Ilikuwa nzuri au haikuwa nzuri? Nani alikosea, yeye au Ottorino? Na mtu mwenye sikio kama lile anatafuta nini mahali ambako hakuna anayeimba?

Jumapili mchana alivaa koti lake jeusi, akafunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kwenye fumanizi, akakata tiketi ya baleti.

Ottorino alikuwepo kweli. Benchi lile lile, karibu na nguzo, mgongo umenyooka. Roshani ilikuwa tupu, ukiondoa wasichana wachache wa shule ya muziki waliokuwa wakila karanga. Ersilia alikaa nyuma yake, safu tatu, akajiambia atamtazama yeye tu na asitazame jukwaa.

Pazia likafunguka, na nia ile ikafa.

Alitegemea ukimya, akakuta kelele. Viatu vya wale wasichana, ambavyo kwa mbali ni hariri tupu, viligonga mbao kodo, kodo, kodo, kama viazi vinavyomwagwa kikapuni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba malaika wana vishindo. Alisogea mbele aone vizuri. Mmoja, mwembamba, aliyekuwa akielea katikati kama unyoya, alifika pembeni mwa jukwaa, mahali ambapo wa viti vya chini hawaoni lakini wa juu wanaona, akainama, akashika magoti, akavuta pumzi kama mtu aliyepandisha gunia la makaa hadi ghorofa ya tano. Kisha zamu yake ikafika. Akainua shingo, akatabasamu, akarudi kwenye taa, akaelea tena.

"Mwongo mkubwa huyu," Ersilia alinong'ona, na alishangaa kuona anamsifu.

Kumbe mwili nao una uongo wake, na ukiutazama sana utauona ukweli uliofichwa chini yake. Yule mwanamume wa nguo nyeusi aliyekuwa akimbeba mchezaji wa kwanza, malkia: kwa nini alimpa mkono kwa kuchelewa kila mara? Na malkia, kwa nini alimtazama sikio badala ya macho? Wamegombana wale. Tena si ugomvi wa leo. Na yule wa mwisho kulia, anayemtazama malkia kila anapogeuka, huyo ndiye chanzo. Haukupita muda mrefu Ersilia akawa ameshajua pale jukwaani nani hasemeshani na nani, bila hata neno moja kusemwa, na akajiuliza kwa uchungu amepoteza Jumapili ngapi za maisha yake.

Alipokumbuka kumtazama Ottorino, aliona jambo dogo. Mzee alikuwa ameweka kiganja chake kwenye mbao za ukingo, vidole vimetanuka, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kila ngoma kubwa ilipopigwa chini, vidole vilitikisika.

Mapumziko yalipofika na taa kuwaka, Ersilia aliita kutoka nyuma.

"Ottorino!"

Hakugeuka.

"Ottorino Bersellini! Umenaswa!"

Wasichana wa karanga wote waligeuka. Ottorino hakutikisa hata bega. Alikuwa amekaa kwa utulivu akitazama pazia, na kisogo chake kilichonyolewa vizuri hakikuwa na habari na ulimwengu. Ersilia akasimama. Akashuka zile safu tatu taratibu na kumgusa bega. Mzee aliruka.

"Ersilia! Wewe unafanya nini huku?"

"Ninakuita. Nimekuita mara mbili."

Ottorino aliitazama midomo yake, akaitazama tena, kisha akashusha macho.

Walikwenda kwenye kaunta ndogo ya kahawa ya roshani. Ottorino alimwomba akae upande wenye taa.

"Ukisema, nitazame usoni," alimwambia. "Sikio la kushoto limekwenda kitambo. La kulia lilianza kuniaga majira ya baridi ya mwaka juzi. Besi, sauti za chini, ninazisikia kidogo. Ngoma naisikia kwa kiganja. Fidla zimehama mji."

"Lakini dukani kwako unapiga soga kutwa!"

"Kioo, Ersilia. Kinyozi anamtazama mteja kwenye kioo. Midomo yote ya Parma imepita kwenye kioo kile."

Ersilia alifikiri kidogo, akaona haya. "Kwa hiyo nilichosema ile siku juu ya ndoa ya dada yako..."

"Nilikiona."

"Nilikuwa nimekupa mgongo!"

"Duka langu lina vioo viwili, mama."

Ersilia alitaka kucheka, na mzee naye alitaka kucheka, lakini hapakuwa na nafasi. "Na huku juu, kwenye opera? Unaamuaje?"

"Kwa macho." Ottorino alinyoosha mgongo, na sauti yake ikawa na kitu kama majivuno. "Mbavu zikifunguka kama kodiani, sauti iko huru. Taya likikaza, ana hofu. Mabega yakipanda, sauti imekwama kooni. Maisha yangu yote nimesikia na kuona kwa pamoja. Kimoja kilipoondoka, nikafanya kazi na kilichobaki. Misimu miwili, Ersilia. Na hakuna hata mmoja wenu aliyegundua."

"Hata mmoja," Ersilia alikubali.

"Hata mmoja," alirudia mzee, na majivuno yakawa yameisha. "Huku kwenye baleti ninakuja kujifunza miili. Na kupumzika pia. Huku sote ni viziwi. Huku simwibii mtu."

Kengele ya kurudi ndani ililia. Ersilia aliona kwamba mzee haisikii. Akamshika mkono wa koti.

"Noemi Tagliavini. Mwaka jana. Uliona nini?"

"Mabega yalimfika masikioni. Tangu mwanzo hadi mwisho."

"Sauti haikukwama, Ottorino. Ilipanda mpaka juu, ikakaa. Niliisikia."

"Sema tena."

Akasema tena, polepole. Mzee akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kimekuwa kizito.

"Basi kwa nini mabega yalipanda?"

Hilo hakuna kati yao aliyelijua. Walirudi kukaa, mara hii pamoja, na malkia na yule wa nguo nyeusi wakaendelea kutosemeshana hadi mwisho, lakini Ersilia hakuwaona tena sawasawa. Kama binti aliimba vizuri, kwa nini mwili wake ulisema vingine?

Kwa kawaida, Ersilia akitaka kujua jambo, jambo lenyewe humfuata dukani. Jumanne alikuja Iride, fundi cherehani wa jumba la opera, kuchukua tortelli zake. Ersilia alimpimia, akamwongezea kiganja kimoja, akaongeza kingine, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Naona yule binti wa Reggio anarudi. Mwaka huu umemshonea nini?"

"Gauni lake mwenyewe! La kipimo chake!" Iride alijishika kifua. "Lile la mwaka jana usinikumbushe, mwenzangu. Lilikuwa la yule mwimbaji mkuu, mama wa Mantova, mwenye kifua cha watu wawili. Kaugua asubuhi, mchana wakaniletea huyu, mwembamba kama mshumaa. Nikabana mgongoni kwa pini, nifanyeje? Pazia linafunguka, pini ya kwanza ikaruka. Ya pili ikafuata. Mtoto wa watu kaimba onyesho zima amelishikilia gauni kwa mabega, lisimwanguke mbele ya Parma nzima."

Ersilia alisogea karibu. "Na hakusema?"

"Akasemee wapi? Angesema, mimi ningefukuzwa kazi. Aliniambia, 'Mama, mabega ni yangu, acha yaumie.' Watu wakampigia miluzi, naye akanyamaza." Iride alichukua furushi lake. "Umeniongezea nyingi mno, Ersilia."

"Nenda zako, kabla sijabadili mawazo."

Hakusubiri hata kufunga duka. Alivua aproni, akavuka kichochoro, akaingia kwa Ottorino. Duka la kinyozi lilikuwa limejaa kama kawaida, wanaume watano kwenye viti, wote masikio. Na kwenye kiti kikubwa, mbele ya kioo, alilala Delmo na povu hadi machoni, wembe wa Ottorino ukiwa kooni mwake.

Ersilia alisimama nyuma yao, akakitazama kioo, na kwa midomo tu, bila kutoa sauti hata chembe, akaeleza yote. Pini. Mabega. Yule mama wa Mantova. Hakika ulikuwa umbea mkubwa kuliko wote aliowahi kuupeleka mahali, na ndani ya chumba kile chenye watu ulipita bila kusikika na mtu. Mwisho akasema: *Ulipigia mluzi gauni.*

Wembe ulisimama.

"Vipi, Ottorino," Delmo aliuliza, hathubutu kutikisika, "nimekufa au bado?"

"Bado," alisema kinyozi. Akaushusha wembe, akaweka mkono begani mwa Delmo.

Wateja walipopungua alimwita Ersilia pembeni, akaongea kwa kunong'ona, ule mnong'ono wa kiziwi unaosikika hadi mtaa wa pili, ikabidi Ersilia amfunike mdomo.

"Jumamosi utakaa nami. Ukisikia vizuri, nibonyeze kiwiko. Usipobonyeza, nitajua ni vibaya."

"Niwe sikio lako?"

"Nani mwingine? Nikisema ukweli, nimekwisha. Wataniambia nikalee paka. Na wewe ulisikia vizuri kuliko sisi sote, ila uliogopa."

Ersilia alirudi nyumbani kichwa juu. Fikiria! Roshani nzima, wale wanaume wenye kujua kila kitu, wote watakuwa wanaufuata mkono wake. Uchungu ulikuwa mmoja tu: hakuna mtu ambaye angeweza kumsimulia. Na kuhusu Noemi, aliona mambo yamekwisha. Binti angeimba vizuri, yeye angebonyeza, na haki ingerudi mahali pake bila mtu kuumia.

Jumamosi roshani ilifurika. Watu walikaa ubavu kwa ubavu, mikate ya nyama ikapita mkono kwa mkono, Delmo alikuwa na chupa ya divai ya Lambrusco chini ya benchi na utani kwa kila anayeingia.

"Ottorino! Leo tunasikiliza mtu au mabata?"

Ottorino alitabasamu tu. Huenda aliona, huenda hakuona. Ersilia akabana pembeni yake, kiwiko kwa kiwiko.

Noemi Tagliavini alitoka jukwaani akiigiza binti wa mwenye kinu, ndani ya gauni la kijivu lililomkaa vizuri, na mara ya kwanza alipofungua kinywa Ersilia alisikia hofu. Si kubwa, kama kikombe kinachogongana kidogo na kisahani. Ukafika ule wimbo mkuu, ambapo binti anamsihi hakimu asimnyonge baba yake. Alianza vizuri. Katikati noti moja ikamteleza, ikashuka chini ya mahali pake, akaidaka, akaendelea. Akapanda. Ile noti ya juu aliifikia, ikasimama pale, safi lakini nyembamba, pungufu kidogo ya ile ya mwaka jana. Okestra ikamaliza.

Ukimya ule ukaja. Vichwa vyote vikamgeukia mzee.

Na Ersilia hakujua la kufanya. Haikuwa mbaya. Haikuwa nzuri kama alivyoomba iwe. Angekuwa jikoni kwake angeweza kuieleza kutwa: hapa alitetemeka, pale alijikaza, na kule kuidaka ile noti, mnaona alivyoidaka, huo ni ujasiri. Lakini kiwiko hakina maneno ya katikati. Akibonyeza, amedanganya roshani nzima kwa huruma. Asipobonyeza, amemwua binti wa watu. Mkono wake ukakataa kwenda huku wala kule.

Ottorino alingoja. Kiwiko kikabaki kimya. Taratibu akainua vidole viwili hadi mdomoni.

Halafu akasita. Macho yake yalikuwa kwenye mabega ya Noemi, na mabega yalikuwa chini, yametulia. Macho yalisema jambo moja, kiwiko kikasema lingine. Akageuza kichwa, mbele ya watu wote, akamtazama Ersilia usoni, akiuliza.

"Ala!" Delmo alisema nyuma yao. "Tangu lini Sikio linauliza jirani?"

Ersilia aliuona uso wa Ottorino ukipauka. Akatikisa kichwa, kumwambia: siwezi. Ottorino akashusha vidole. Akashika ukingo, akasimama, akasema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua ukubwa wake, ikafika hadi viti vya chini:

"Msinitazame mimi! Mimi sisikii!"

Kiongozi wa okestra akageuka, fimbo mkononi.

"Misimu miwili sasa, mimi ni kiziwi. Mwaka jana nilimpigia mluzi binti huyu, na sikuwa nimesikia hata noti moja. Niliyaona mabega yake, nikajidai nimesikia. Nanyi mlinifuata, mnaosikia! Sasa amueni wenyewe."

Akakaa.

Nani angeweza kueleza kilichofuata? Mtu mmoja akapiga makofi, mwingine akamwambia anyamaze, wa tatu akasema noti ya katikati imeanguka, wa nne akasema imeanguka kwa baba yako, na ghafla roshani ikawa soko la samaki. Watu ambao kwa miaka walikuwa na maoni mamoja wakagundua kila mmoja ana lake.

"Ilikuwa chini!"

"Ilikuwa juu, wewe una nta masikioni!"

"Jamani, mimi mwaka jana niliipenda!" Ersilia alijisikia akipiga kelele. "Niliipenda, nikapiga mluzi! Kwa kuwaogopa nyinyi!"

"Hata mimi," alisema fundi bomba mmoja, kwa aibu.

Chini kule jukwaani, Noemi Tagliavini alikuwa amekunja mikono. Hakulia. Aliinua uso kuelekea dari, akasema kwa sauti kavu ya duka la viatu la kwao:

"Nyinyi mkimaliza kuimba, mniambie, nami niendelee."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwafikia hata wa viti vya mbele, na Delmo, machozi ya kucheka yakimtoka, akasimama juu ya benchi.

"Rudia, binti! Rudia, mara hii tusikie kwa masikio yetu!"

"Rudia! Rudia!"

Kiongozi wa okestra alimtazama Noemi. Noemi alifikiri kidogo, akakunjua mikono, akaitikia kwa kichwa.

Okestra ikaanza upya. Ersilia hajawahi kusikia roshani ikinyamaza vile. Hata mabenchi yaliacha kulia. Hakukuwa na mtu wa kumtazama, kwa hiyo kila mtu alitazama mbele, na kila mtu alikuwa na hofu kidogo, kama mwanafunzi aliyeondolewa mwenzake wa kuigilizia. Binti akaanza kumsihi hakimu. Hofu ilikuwa bado ipo, lakini sasa alikuwa ameiweka ndani ya wimbo, na kwa kweli nani asiyeogopa akimwombea baba yake?

Ottorino alimgusa Ersilia mkono. "Vipi?" alinong'ona, na watu wa safu mbili walisikia. "Anaendaje?"

"Nyamaza," Ersilia alimwambia, bila kumgeukia. "Nasikiliza."

Kwa hiyo mzee akageuka na kuyatazama mabenchi. Alimwona Delmo ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alimwona fundi bomba amefumba macho. Akaziona nyuso, safu juu ya safu, zikifunguka moja baada ya nyingine, na nyingine zikikunjamana mahali fulani katikati, kisha zikifunguka tena, na zote zikipanda pamoja kuelekea juu, juu, na kusimama pale. Aliinama mbele, mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayechungulia dirishani kwa watu. Katika maisha yake yote pale juu hakuwahi kuligeuzia jukwaa mgongo.

Makofi yalipolipuka, si wote waliopiga; wawili watatu walibaki wamekunja mikono, wakitikisa vichwa. Mbao za ukingo zilitetemeka chini ya kiganja cha Ottorino. Alingoja mpaka akamwona Ersilia anapiga, na Delmo, na fundi bomba, ndipo akainua mikono yake, wa mwisho katika roshani nzima.

Noemi alipiga goti, akainua kichwa kuelekea juu, akaendelea na kazi yake.

Kwenye ngazi za kutokea watu bado waligombana, wakasimama kila kona wakaziba njia. Wachache walimpita Ottorino bila kumsalimu. Wengine walimzunguka wakisema wote kwa pamoja, naye akawasukuma kwa upole hadi chini ya taa ya ukutani, mmoja mmoja, aone midomo yao.

"Haya, wewe, Delmo. Ile noti ya katikati, mara ya pili. Iliteleza?"

"Kidogo."

"Haikuteleza!" alisema Ersilia.

"Kidogo namna gani?" Ottorino aliuliza, akiwatazama wawili hao zamu kwa zamu, macho yake yaking'aa. "Polepole. Msiseme kwa pamoja. Nielezeni tangu mwanzo."